Boma Rhodes: jina la Mzungu, nyasi za kwetu

Kiangazi kikikaza Kinango, Ganze na Tana River, wafugaji huanza kuulizana bei ya robota la nyasi kavu. Mara nyingi wakati huo ng'ombe ameshalala chini, na robota moja halimwinui. Tuliyaona mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Nyasi zinazonunuliwa kwa dhiki namna hiyo, nyingi huwa ni Boma Rhodes, na wengi wetu tunadhani ni mbegu ya kizungu iliyoletwa na meli.

Si kweli. Ni nyasi za mwituni za Afrika hii hii. Huota zenyewe kwenye mbuga zilizo wazi, kando ya maziwa na mito, mabondeni panaposimama maji msimu wa mvua, na katika mashamba yaliyoachwa. Utazitambua kwa shuke lake: juu ya bua hutokea vidole kumi hivi, vyote kutoka sehemu moja, vimetanuka kama mbavu za mwavuli uliochanika kitambaa. Wazungu waliona mabawa ya kinu cha upepo, wakaiita jamii hii yote kwa jina hilo. Jina la Rhodes ni la Cecil Rhodes, mkoloni aliyezipanda katika shamba lake karibu na Cape Town miaka ya 1890. Kutoka huko sifa zikaenea hadi Australia na Marekani. Lakini hata aina zinazouzwa madukani zina majina ya huku kwetu: Mbarara, Pokot, Masaba, Boma.

Kinachonifanya niziandikie sisi wa Pwani ni chumvi. Nyasi hizi huvumilia udongo wa chumvi kuliko nyingi za malisho, kwa sababu jani lake lina vitundu vidogo vya kuitema nje. Kwa hiyo sehemu ambazo mahindi hunyauka kwa magadi, hapo zinaweza kusimama. Joto letu pia ni lake. Huhimili mafuriko ya siku kadhaa, na huhitaji mvua ya kuanzia milimita 600 hivi kwa mwaka. Zinachokataa ni kivuli. Usizipande chini ya mwembe wala katikati ya minazi iliyosongana, utapoteza mbegu.

Kule ndani zaidi, panapokauka kama upande wa Taita, afadhali ndugu yake, ambaye wataalamu humwita Chloris roxburghiana. Huyu ni wa nyika hasa, shuke lake laini kama mkia wa farasi, na mifugo humpenda mno. Ndiyo maana amepungua: huliwa kabla hajaangusha mbegu. Ukizungushia kipande cha malisho ua wa miiba, ukakiacha msimu mmoja au miwili, huenda ukamwona akirudi bila kununua chochote.

Tukirudi kwa Rhodes, kuzipanda kunataka subira kuliko nguvu. Mbegu ni nyepesi kama pumba, na upepo wa kusi hauna simile. Changanya na mchanga mkavu au samadi iliyosagika, kilo 4 au 5 kwa ekari, umwage kwenye mifereji midogo mvua za masika zikikaribia. Ardhi iwe imelainishwa vizuri. Funika kwa udongo kidogo tu, kwa kuburuta tawi lenye majani. Ikizidi sentimita 2 haitoki. Miezi miwili ya mwanzo magugu ndiyo adui, kwani miche ni midogo. Ikishashika, hutambaa yenyewe: vikonyo hulala chini, kila fundo likatoa mizizi, na shamba hukaa miaka kadhaa. Usiingize ng'ombe mapema, atang'oa.

Sasa kosa kubwa linalofanyika, na hili ndilo linaloumiza mifugo: kukata kwa kuchelewa. Mtu huona shamba limekuwa refu, akasema liongezeke kidogo. Marobota huongezeka kweli, lakini ni mabua. Protini hushuka sana nyasi zikizeeka, na ng'ombe hushiba tumbo huku akikonda na maziwa yakikauka. Kata zinapoanza kutoa maua. Zianike siku mbili au tatu, uzigeuze, uzitie kivulini zikiwa bado na rangi ya kijani. Zikifungwa mbichi huingia ukungu.

Wala huhitaji mashine. Fundi seremala akugongee sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandaza kamba za katani ndani, shindilia nyasi kwa miguu, kaza, sukuma robota litoke. Litakuwa na kilo 20 hivi.

Neno la mwisho ni la dukani. Mbegu za Rhodes zina makapi mengi, na zilizovunwa juzi huwa bado zimelala, hazioti hadi zikae miezi kadhaa. Kabla ya kulipia gunia zima, nunua kidogo, hesabu 100 uzifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, uzitazame baada ya wiki moja au mbili. Zikichipua 10 tu, mrudishie mwenye duka mali yake.