Kushindana si kupunguza bei tu

Jambo hili laonekana katika kila soko. Mama mmoja auza unga wa muhogo. Jirani yake auza unga ule ule kwa bei ndogo kidogo. Kesho yake yule wa kwanza naye apunguza. Baada ya juma moja, wote wawili hawana fedha ya kununua gunia jingine. Je, hakuna njia nyingine ya kushindana? Tutazame watengenezaji wawili wa motokari huko Marekani.

Mwaka wa 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lililoitwa Model T. Alikusudia gari la namna moja, lenye nguvu, ambalo hata mkulima aweza kulinunua. Mwaka wa 1913, kiwandani mwake Highland Park, magari yalianza kuvutwa polepole mbele ya wafanyakazi, kila mtu akiwa na kazi yake moja tu. Chasi iliyotaka saa 12 na zaidi iliungwa kwa saa 1 na nusu hivi. Bei, iliyokuwa zaidi ya dola 800, ikashuka chini ya dola 300. Nani angeweza kumfuata katika njia hiyo?

Alfred Sloan, aliyekuwa mkuu wa General Motors tangu 1923, hakumfuata. Alitambua kwamba watu wengi wamekwisha kupata gari la kwanza, na sasa watamani lililo zuri zaidi. Basi akawawekea Chevrolet wenye mapato madogo, Cadillac matajiri, na magari mengine katikati. Wanunuzi walikopeshwa pia, wakalipa kidogo kidogo. Chevrolet ilikuwa ghali kuliko Ford, lakini ilinunuliwa.

Labda mtauliza: kwa nini Ford hakuiga mara moja? Hapo ndipo penye shida. Urahisi wa bei yake ulitoka katika kutobadilika. Mashine zake zilifanyizwa kwa gari lile moja. Hata rangi, tangu 1914 kwa miaka mingi, ilikuwa nyeusi tu. Nguvu yake ndiyo iliyomfunga. Mwalimu Michael Porter wa Harvard, katika kitabu chake cha 1980, aonyesha kwamba mfanyabiashara hana budi kuchagua: ama gharama ndogo kuliko wote, ama kitu cha pekee ambacho watu wakubali kukilipia zaidi, ama kuhudumia kundi moja tu la wanunuzi. Na achaguaye hukosa mengine.

Mwezi wa Mei 1927, baada ya magari milioni 15, Model T ilikoma. Kwa miezi kadhaa mashine zilibadilishwa, na maelfu ya baba wa jamaa wakakaa bila mshahara. Habari hiyo husahauliwa upesi na wale wanaomsifu Ford. Model A ilitokea Desemba, ikiwa na rangi mbalimbali. Mwaka uliofuata Ford naye alianzisha kampuni ya kukopesha wanunuzi.