Nani Akae na Nani: Sikilidi wa Ruaha Ndani ya Tangi la Kioo

Perege na sato ni sikilidi. Ni sikilidi pia wale samaki wa buluu, manjano na rangi ya chungwa wa Ziwa Nyasa, Tanganyika na Victoria, ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakisafirishwa hai, ndani ya mifuko ya plastiki, kwenda kupamba sebule za Ulaya, Marekani na Asia. Ukoo huu hulea watoto wake kwa bidii na hupigana kwa bidii ile ile. Dume akishajichagulia jiwe humfukuza kila anayelikaribia. Ziwani anayefukuzwa huenda zake. Ndani ya kioo hana pa kwenda, na asubuhi huokotwa mapezi yakiwa yamenyofolewa. Kwa hiyo kazi kubwa ya mfugaji hufanyika kabla samaki hajanunuliwa, wakati wa kuamua nani akae na nani.

Uamuzi huo huanza na maji. Tanganyika ina maji magumu yenye magadi, pH yake ikikaribia 9. Ya Nyasa ni ya wastani zaidi, kati ya 7.7 na 8.6. Mito ya Morogoro, Ruaha ukiwemo, haifanani na ziwa lolote kati ya hayo, tena hubadilika masika na kiangazi. Mfugaji mzoefu hupima kwanza maji ya bomba au kisima chake, kisha hutafuta samaki anayeyafaa. Anayefanya kinyume hujitwisha kazi ya kuyatengeneza maji kila anapoyabadilisha, na siku akisahau samaki ndiye anayeumia.

Halafu huangaliwa mdomo. Mbuna wengi wa Nyasa na Tropheus wa Tanganyika hukwangua mwani kwenye miamba. Utumbo wao ni mrefu, na chakula kizito cha nyama huhusishwa na uvimbe wa tumbo unaoweza kuua kundi zima. Kuwaweka pamoja na mla nyama ni kumnyima mmoja au kumdhuru mwingine. Yupo pia Nimbochromis livingstonii wa Nyasa, anayejilaza chini akiwa na mabaka kama mzoga unaooza. Samaki wadogo wakija kudonoa, huinuka na kuwameza. Samaki anayeenea kinywani mwa mwenzake ni chakula, hata wakiwa wamekaa pamoja miezi mingi kwa amani.

Baada ya mdomo ni makao. Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote duniani, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono chini ya Tanganyika. Cyprichromis wa ziwa hilo hilo huogelea juu, mbali na mchanga. Wawili hawa hukaa pamoja vizuri kwa kuwa hawagombei kitu. Mbuna ni kesi nyingine, maana wote wanataka mawe yale yale. Kwao mfugaji hutumia tangi lenye urefu wa zaidi ya mita moja, la lita 200 au zaidi, huweka majike watatu au zaidi kwa kila dume, na huwajaza kwa wingi kiasi kwamba mbabe hawezi kumwandama mmoja peke yake. Wingi huo hudai kichujio chenye nguvu na maji kubadilishwa kila wiki. Mgeni huingizwa taa ikiwa imezimwa na mawe yamepangwa upya, ili wenyeji nao waanze kutafuta makao. Hata hivyo tabia hutofautiana: Labidochromis caeruleus wa manjano ni mpole kwa kipimo cha mbuna, ilhali dume wa Melanochromis auratus huweza kulitawala tangi zima kwa vitisho.

Jambo la nne ni undugu, na hapa ndipo Ruaha inapoingia.

Mto Ruaha Mkuu, baada ya kutoka bwawa la Mtera, hupita Kidatu kusini mwa Kilosa na Mikumi kabla ya kwenda kukutana na Rufiji. Ndani ya mto huo anaishi sikilidi mdogo ambaye wataalamu wamempa jina la muda, Astatotilapia “ruaha blue”, kwa buluu ya dume wake. Mwaka 2015 Martin Genner, George Turner, Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania na wenzao walichapisha utafiti wa vinasaba vya upande wa mama. Ulionyesha kwamba ndugu wa karibu kuliko wote wa samaki wale mamia wa Nyasa ni huyu wa Ruaha. Walitenganishwa mamilioni ya miaka iliyopita, enzi ambazo ardhi ilipasuka na milima ya Kipengere na Livingstone ikainuka kati ya ziwa na mto.

Utafiti wa mwaka 2020, uliosoma jenomu nzima, uliongeza jambo zito zaidi. Samaki wa Nyasa wana damu ya koo mbili zilizochanganyika: mmoja unawakilishwa leo na samaki wa Ziwa Victoria, mwingine na huyu wa Ruaha. Mchanganyiko ulitangulia, aina zaidi ya 500 zikafuata. Tangi la mbuna lililoko Berlin au Chicago lina, katika kila samaki, sehemu ya urithi wa mto unaopita chini ya bwawa la Kidatu. Ndugu huyo wa Ruaha hata jina kamili la kisayansi hakuwa nalo tafiti hizo zilipochapishwa.

Kwa mfugaji, historia hiyo ni onyo. Sikilidi walio ndugu wa karibu huzaana wakifungiwa pamoja, na watoto wao huwa na uwezo wa kuzaa. Majike wa aina mbalimbali za Aulonocara wa Nyasa hufanana mno kiasi kwamba hata muuzaji huwachanganya. Wakikaa na madume wa aina tatu, baada ya vizazi viwili hakuna anayejua alicho nacho. Hata taa ina sehemu yake. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ana dume mwekundu. Ndugu yake wa karibu ana dume wa buluu. Katika majaribio ya mtafiti Ole Seehausen ya miaka ya 1990, majike waliwachagua madume wao chini ya mwanga mweupe. Chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, uliofuta tofauti ya rangi, uchaguzi huo ulipotea. Taa ya mapambo inayobadilisha rangi kwenye tangi la sikilidi kwa hiyo haifai.

Je, ni kosa kuchanganya kile ambacho ziwa lenyewe lilianza nacho? Ziwa lilikuwa na nafasi na muda wa kuchuja, tangi halina. Je, dume wa Ruaha akiwekwa leo na majike wa Nyasa atawatambua kama wake? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko pambo lolote.

Anayetaka tangi la kienyeji ana pa kuanzia. Wilaya ya Kilosa ina mabonde mawili: Mkondoa na Mkata huelekea Wami, Ruaha huelekea Rufiji. Kutoka Kandoa, kituo cha Kapteni Bloyet katika Usagara, alipatikana samaki ambaye mtaalamu wa samaki Sauvage alimweleza mwaka 1883, leo Astatotilapia bloyeti. Ni mdogo, dume ana madoa yanayofanana na mayai kwenye pezi la nyuma ya tumbo, na jike hutamia kinywani. Dume mmoja na majike wanne, mchanga, mimea na mawe machache humtosha. Mwenzake anayemfaa ni samaki mdogo mwepesi wa kundi asiye sikilidi. Asiwekwe pamoja na jamaa yake wa Ruaha. Perege naye hafai: Oreochromis urolepis huweza kupita sentimita 40.

Perege huyo pia anaonyesha uzito wa kutenganisha mabonde. Mwaka 1960 mtafiti C. F. Hickling alieleza kwamba, huko Malacca (leo Malaysia), madume wa perege wa asili ya Wami, waliopitia Zanzibar, walipopandishwa na majike wa perege wa Msumbiji walizaa madume watupu. Na sato aliyepandikizwa katika maji mengi ya Tanzania amekwisha kuchanganyika na perege wenyeji. Ndiyo maana samaki wa tangi hamwagwi mtoni, wala wa Wami hapelekwi Ruaha. Vifaranga wanaozidi hupewa mfugaji mwingine, pamoja na karatasi yenye jina la mto walikotoka wazazi wao.