Rehani na Ndoto: Yusuf katika Riwaya ya Peponi

Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, Yusuf, mtoto wa miaka 12 mwenye ndoto nyingi, huwekwa rehani kwa deni la babaye. Tajiri Aziz, aliyemdhania kuwa ami yake, sasa hutakiwa kumwita seyyid. Utoto hukoma hapo: neno la udugu hupisha neno la utwana. Safarini bara watawala hudai hongo, kama misafara ilivyotozwa Ugogo katika karne ya 19. Mwishowe Yusuf hukimbilia kikosi cha Wajerumani. Je, amejikomboa, ama amebadili bwana tu? Kwa Kiswahili, lugha ya misafara ileile, swali hilo humfikia msomaji bila mkalimani.