Je, Wajua? Mto Huanza na Miguu ya Daraja

Je, wajua kwamba madaraja mengi hayavunjwi na mizigo? Marekani, ambako kumbukumbu za madaraja yaliyoanguka zimetunzwa kwa muda mrefu, zaidi ya nusu yaliangushwa na maji, hasa maji yaliyochimba udongo chini ya misingi. Barabarani kati ya Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, kusini mashariki mwa Kongo, kila mtu hutazama malori ya shaba. Kijito kinachopita chini ya daraja hakitazamwi na yeyote, nacho ndicho cha kuchungwa.

Je, wajua jinsi kinavyofanya kazi? Maji yakigonga nguzo hayana pa kwenda. Sehemu yake huteremka kwa nguvu hadi sakafuni mwa mto, hujizungusha, kisha huizunguka nguzo kushoto na kulia huku yakibeba mchanga. Ndiyo maana shimo la kwanza na lenye kina zaidi kwa kawaida huwa mbele ya nguzo, upande ambao mto unatokea.

Na kasi? Mto ukiongeza kasi mara mbili, jiwe unaloweza kulisukuma huwa zito zaidi kwa takriban mara 64. Hesabu hiyo ilijulikana tangu karne ya 19. Kwa hiyo kijito kinachovukwa kwa miguu mwezi wa Agosti kinaweza kuviringisha mawe mwezi wa Februari, na aliyekiona Agosti hana picha yoyote ya Februari.

Wahandisi wana kipimo cha haraka: nguzo ya mviringo iliyoelekea sawasawa na mkondo inaweza kuchimbiwa shimo lenye kina cha hadi mara 2.4 ya upana wake. Nguzo ya mita 1 basi ipewe msingi unaovuka mita hizo 2.4, tena kwa ziada ya kutosha. Lakini mito huhama. Nguzo ndefu kama ukuta, yenye urefu mara 12 ya unene wake, ikipigwa na maji kwa pembe ya nyuzi 30, kina cha shimo huzidishwa kwa 3.5. Daraja lililokuwa salama siku ya uzinduzi linaweza kuwa hatarini miaka 20 baadaye bila mtu kugusa hata jiwe lake moja, kwa kuwa tu kona ya mto imesogea.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: shimo hujificha. Mafuriko yakiwa kileleni, sakafu ya mto huchimbwa. Maji yakipungua, mto hushusha mchanga na matope ndani ya shimo lilelile na kulisawazisha. Mkaguzi akija wakati wa kiangazi huona sakafu tambarare, anaandika kwamba hali ni nzuri, anaondoka. Udongo ule uliorudi ni laini, haushiki kitu, na mafuriko yajayo huuzoa kwa muda mfupi. Anayekagua daraja kwa macho peke yake amekagua kifuniko tu. Atie fimbo ya chuma sakafuni: ikizama kwa wepesi kando ya nguzo na kugoma hatua chache pembeni, hapo pameshachimbwa.

Je, wajua kuwa udongo mgumu si kinga? Mchanga huchimbwa hadi mwisho kwa saa chache. Mfinyanzi ulioshikana unaweza kuchukua siku, mwamba laini miezi, mawe ya chokaa miaka, matale karne. Tofauti kubwa iko kwenye muda; mfinyanzi unaweza kuishia kwenye kina kilekile cha mchanga, ila kwa mvua nyingi. Kusema daraja limestahimili misimu kumi si ushahidi kwamba litastahimili wa kumi na moja.

Daraja la Schoharie, jimbo la New York, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata lilipita katika mafuriko makubwa likabaki limesimama. Tarehe 5 Aprili 1987 nguzo moja ilianguka, magari yakatumbukia na watu 10 wakafa. Misingi yake ilikuwa mifupi, na mawe ya kuikinga hayakutunzwa ipasavyo. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliagiza madaraja yote yaliyo juu ya maji yapimwe hatari hii, kila moja lipewe alama: 3 ilimaanisha msingi hautakuwa imara maji yakichimba, 1 ilimaanisha lifungwe kwa sababu linakaribia kuanguka. Ilikuwapo pia alama ya U, ya daraja ambalo hakuna anayejua msingi wake umefika wapi. Napenda uaminifu wa alama hiyo. Kutojua kumeandikwa waziwazi kama hatari.

Afrika Mashariki inaijua habari hii kwa machozi. Januari 1993, maji ya mafuriko yalibomoa daraja la reli la Ngai Ndethya, Kenya, na treni ya abiria ikatumbukia. Waliokufa walizidi 100. Machi 2020 barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, Tanzania, ilikatika Kiyegeya. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kusini mwa Tanzania ilikatika eneo la Somanga, Lindi.

Mara nyingi kinachokwenda ni tuta la barabara linaloungana na daraja, wakati daraja lenyewe limebaki zima. Mei 2023 Uganda ilifunga barabara ya Kampala kwenda Masaka kwenye mto Katonga baada ya maji kula njia hapo, na wasafiri wakazungushwa mbali. Daraja zima lisilofikika halimsaidii mama anayepelekwa kujifungua.

Vipi madaraja ya chuma ya Bailey, yanayoonekana sana Kongo? Yalibuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mengi huvuka kijito bila nguzo katikati, na hiyo ni faida kubwa. Lakini uzito wote umekalia kingo mbili. Kingo zikiliwa, chuma kizuri hakina pa kukaa. Basi kwenye Bailey usiishie kuhesabu pini zinazoshika vipande vyake. Shuka chini utazame ukingo.

Magogo na majani je? Yakinasa kwenye nguzo huifanya iwe pana, na maji hupima upana huo mpya. Kuyaondoa kabla ya mvua ni kazi ya mapanga na kamba.

Mchanga nao. Mwaka 2001, daraja la Hintze Ribeiro nchini Ureno lilianguka, watu 59 wakafa. Uchimbaji wa mchanga mtoni ulikuwa miongoni mwa sababu. Shimo la mchanga lililo upande ambao mto unaelekea baada ya daraja huutafuna mto kurudi juu, hatua kwa hatua, hadi kufikia nguzo. Kaunti ya Makueni, Kenya, ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito mwaka 2015. Lubumbashi inajengwa kwa kasi, na mimi naona kila mji unaokua kwa kasi hiyo unahitaji sheria ya namna hiyo.

Sasa twende Luano, Lubumbashi, upande wa uwanja wa ndege. Mvua za hapa huanza Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, karibu milimita 1,200 kwa mwaka. Zamani miombo na dembo, yale mabonde yenye majani yanayokaa na maji, vilipokea mvua na kuiachia polepole. Miti ikikatwa kwa ajili ya makaa, viwanja vikijengwa, mabati na lami zikiongezeka, maji yaleyale hufika mtoni kwa pamoja. Daraja au kalavati iliyopimwa kwa mto wa zamani sasa inapokea mto mwingine.

Nani huona kwanza? Agosti 2009, sehemu ya daraja la reli la Malahide, Ireland, ilianguka kwa kuchimbwa na maji. Siku chache kabla, maskauti wa baharini wa hapo walikuwa wametoa taarifa kwamba maji yanafanya jambo geni kwenye nguzo. Dereva wa treni aliona hatari kwa wakati na hakuna aliyekufa. Wafua nguo, wavuvi na watoto wa Luano wana macho hayohayo.

Je, wajua kifaa cha bei nafuu kuliko vyote? Kamba yenye alama za mita na jiwe zito mwishoni. Shusha kutoka kwenye ukingo wa daraja, upande mto unakotokea, mbele ya kila nguzo na kando ya kila ukuta unaoshika daraja ukingoni. Weka rangi pale uliposhushia, ili wa baadaye ashushie papo hapo. Pima Oktoba, pima Aprili, na maji yakiwa juu pima tena ukiwa umesimama mahali salama. Andika tarehe na kina kwenye daftari lenye nakala mbili: moja ibaki kwa chifu wa mtaa, moja iende ofisi ya barabara. Kina kikiongezeka kwa misimu miwili mfululizo, malori mazito yasivuke hadi mhandisi afike.