Jawabu Lililofichwa Minamata

Kisiwani, samaki ndiye kitoweo cha tajiri na maskini. Bahari ikitiwa sumu, hatuna pengine pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuyazingatia yaliyowafika wavuvi wa Minamata, nchini Japani.

Mwezi Mei 1956, Dakta Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda cha kampuni ya Chisso, aliwaarifu maofisa wa afya kwamba yamezuka maradhi yasiyojulikana. Watu walitetemeka, ndimi zikawa nzito, macho yakafifia. Paka waliokula samaki walipepesuka kama wachezao ngoma, kisha wakafa.

Mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Kumamoto kilipoitaja zebaki, Dakta huyo alimlisha paka namba 400 chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Alianza Julai, ilipofika Oktoba paka akashikwa na degedege, sawa na wale wa vijijini. Jawabu likawa limepatikana.

Lakini wakuu wa kampuni walimzuia kuendelea, na matokeo hayakutangazwa. Zebaki ikazidi kumwagwa baharini hadi 1968. Maradhi yakafika hata visiwa vya Bahari ya Shiranui, na watoto wakaathirika wangali matumboni mwa mama zao. Dakta alitoa ushahidi mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani. Mwaka 1973 mahakama ikaiamuru kampuni ilipe fidia. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi wamepita 2,200.

Wapo wanaouliza kama ni haki kumlisha mnyama sumu. Swali hilo lina uzito. Ila halina ubishi hili: mnyama akiteswa na habari yake ikafichwa, ameteswa bure, na binadamu watamfuata.

Mkataba wa Minamata wa 2013, unaohusu zebaki, ulianza kutumika mwaka 2017. Hata hivyo mkataba haumkingi mvuvi asiyeambiwa kitu. Tunawaomba viongozi wetu wasikubali mwenye kiwanda awe ndiye mpimaji na ndiye mtunza majibu. Maji na samaki wapimwe na serikali, na majibu yasomwe hadharani, sokoni na dikoni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Minamata walioficha walikuwa wachache, na waliokufa walikuwa wengine.