Mursik ni afya, lakini chunga kibuyu chako

Msomaji, ukipita Chepkoilel, kaskazini mwa mji wa Eldoret, ukakaribishwa katika boma la mkulima mwenye ng'ombe wawili watatu, huenda ukaandaliwa ugali na kando yake kikombe cha maziwa mazito yenye rangi ya kijivu. Usishtuke. Hayo si maziwa machafu. Hayo ni mursik, kinywaji cha jadi cha Wakalenjin, kile kile ambacho wanariadha wetu hunyweshwa wanaporudi nyumbani na medali.

Mursik huchachuka bila mtu kutia hamira ya dukani. Kwanza kibuyu, kiitwacho sotet, husafishwa kwa sosiot, ambayo ni brashi ya kijiti cha mtende. Kisha kijiti cha mti wa senetwet huchomwa, na makaa yake husuguliwa ndani ya kibuyu. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu hufunikwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa. Kabla ya kunywa, hutikiswa.

Si sisi peke yetu wenye ujuzi wa namna hii. Huko Georgia, nchi iliyo kwenye milima ya Caucasus, familia hutengeneza mvinyo kwa kuacha maji ya zabibu yachachuke yenyewe ndani ya chungu kikubwa kilichofukiwa ardhini. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliutambua ujuzi huo kuwa urithi wa binadamu. Wao wana chungu na zabibu, sisi tuna kibuyu na maziwa.

Je, kuna faida gani? Bakteria wema waliomo kibuyuni hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo huyagandisha maziwa, huyapa ladha ya uchachu na huzuia vijidudu vingi vinavyoyaozesha. Kwa kuwa sukari hupungua, baadhi ya watu ambao tumbo huwasumbua wakinywa maziwa ya kawaida huyavumilia haya. Protini na madini ya kalisiamu hubaki.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mama mwenye kibuyu anapaswa kujua.

La kwanza ni maziwa mabichi. Usidhani kwamba uchachu pekee utaua kila kijidudu. Ugonjwa wa bruselosi, unaoleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo, huambukizwa kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa. Vivyo hivyo kifua kikuu cha ng'ombe.

La pili ni saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula. Katika Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya maradhi haya ni ya kawaida, na huwapata hata vijana wa chini ya miaka 30. Katika mursik, pamoja na bakteria, mna hamira za asili zinazotoa kileo kidogo, na kileo huandamana na kemikali iitwayo asetaldehaidi. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 waligundua kwamba kemikali hiyo huongezeka katika mate ya mtu baada ya kunywa mursik. Makaa na masizi nayo huweza kuwa na kemikali zinazohusishwa na saratani.

Lakini msomaji, usikimbilie kuvunja kibuyu. Haijathibitishwa kwamba mursik ndio unaosababisha saratani hii. Pombe na tumbaku zina ushahidi mzito zaidi. Tena, utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaokunywa chai na vinywaji vingine vikiwa moto sana wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hiyo.

Basi fanya hivi:

• Chemsha maziwa kila mara, kisha yaache yapoe kabla ya kuyamimina.

• Osha kibuyu kwa maji moto na ukikaushe juani. Chenye nyufa au ukungu kitupe.

• Kung'uta makaa yaliyozidi. Rangi nyeusi sana si sifa.

• Usiyaweke maziwa kwa majuma mengi, kwani hamira hupata nafasi zaidi ya kutoa kileo.

• Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu.

• Acha chai ipoe kidogo kabla ya kuinywa.

Na ukiona wewe au mzee wako anameza ugali kwa shida, chakula kinakwama kifuani au mwili unapungua bila sababu, usingoje mpaka ashindwe kumeza hata uji. Nenda hospitalini mapema, kwani saratani ya umio ikichelewa kugunduliwa, tiba yake huwa ngumu mno.