Mathe na Buda Wanazeeka na Virusi: ARV Ilifanya Kazi, Sasa Angalia Presha, Sukari na Moyo

Kama ulizaliwa baada ya 2000, kuna Kenya moja hukuiona. Miaka ya 90, msee akipatikana na virusi vya Ukimwi, ilikuwa ni kama ameandikiwa tarehe. Watu wa nyumbani walianza kuulizana watoto watabaki na nani. Mambo yalikuwa mabaya hadi Novemba 1999 Rais Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Dawa zilikuwepo duniani, lakini bei ilikuwa ya masonko.

Mwaka wa 2001 bunge lilipitisha sheria iliyofungua njia ya kuleta dawa za bei nafuu. Kufikia 2006, ARV zilikuwa zinapeanwa bure kwa hospitali za serikali. Sasa piga hesabu. Mtu aliyeanza dawa mwaka huo akiwa na miaka 35 leo yuko 50 na kitu. Ana wajukuu, ana chama, ana kiti chake kanisani ama msikitini. Huyo ni mathe ama buda ya mtu. Pengine ni wako na hajawahi kukuambia.

Cheki mfano wa marehemu Joe Muriuki, mmoja wa Wakenya wa kwanza kabisa kujitokeza hadharani kusema ana virusi. Alipimwa 1987 na kuambiwa amebakisha miezi tu. Aliishi zaidi ya miaka 30 baada ya hapo. Alipofariki 2022, alikuwa anaugua saratani. Hadithi yake inaonyesha mahali tumefika: mtu anaweza kumudu virusi miaka yote hiyo, halafu magonjwa ya uzee yakamfikia kama mzee mwingine yeyote.

Mbona mwili unachoka mapema?

ARV zikifanya kazi, virusi hupungua kwa damu hadi mashine haivioni. Mtu akifika hapo na akae hapo, hawezi kumwambukiza mpenzi wake kwa ngono. Hiyo imethibitishwa na utafiti, si porojo za mtaa.

Lakini virusi haviishi kabisa. Vinajificha, na kinga ya mwili inabaki imewaka pole pole. Fikiria mat iliyosimama stage injini ikinguruma siku nzima. Haiendi popote, lakini mafuta inakula na vyuma vinachakaa. Huo moto mdogo, miaka nenda miaka rudi, unachosha mishipa ya damu, moyo, figo na mifupa. Ndio maana wataalamu wa HIV humhesabu mtu kama "mzee" akifika 50 tu.

Ongeza na dawa za zamani. Wengi walioanza mapema walipewa stavudini. Iliokoa maisha, lakini iliwanyonya mafuta usoni na kuwaacha na ganzi na maumivu ya miguu. Iliondolewa, ila kuna wale bado wanaitembelea na hiyo miguu. Siku hizi wengi wako kwa tembe moja kwa siku yenye dolutegraviri. Hii ni poa zaidi, ingawa wengine huongeza kilo nayo.

Tembe zikianza kugongana

Hapa ndio wengi hawana rada. Mzee akipata sukari hupewa metformini. Dolutegraviri huifanya metformini ipande kwa damu, kwa hivyo madaktari kwa kawaida huweka mpaka wa miligramu 1,000 kwa siku. Dawa za kiungulia nazo huzuia ARV kuingia vizuri mwilini: ARV inafaa kumezwa saa 2 kabla yake, ama saa 6 baadaye.

Sasa shida ni hii. Mzee anayeficha hali yake ananunua ya kiungulia kwa chemist ya mtaa bila kusema anameza nini kingine. Daktari wa presha hajui kuhusu ARV. Wa ARV hajui kuhusu presha. Aibu ndio inamuumiza hapo.

Moyo nao una habari njema. Mwaka wa 2023 utafiti uliofanyiwa watu 7,769 wenye HIV katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba dawa ya kolesteroli ya kila siku ilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Walikuwa na miaka 40 hadi 75, na hatari yao ya moyo haikuwa hata kubwa sana.

Wazee nao wanapenda

Tuongee ukweli. Mwanamke akikoma hedhi hahofii mimba tena, na kondomu inasahaulika. Mzee akikonda na kukohoa, watu husema ni uzee. Hakuna anayefikiria kumpima, na akipimwa mambo yashaharibika. Pia wanawake wenye HIV wako kwenye hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara 6 zaidi ya wengine, kwa hivyo hicho kipimo si cha kurukwa.

Na kuna swala la doh. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki kadhaa za HIV nchini zikayumba. Wagonjwa wengi sasa wanahudumiwa pamoja na wengine wote. Ubaya ni kwamba wengine wanaogopa kuonwa na jirani kwa foleni. Uzuri ni kwamba presha, sukari na ARV zinaweza kuangaliwa siku moja, kama mgonjwa ataitisha.

Wewe utafanya nini?

Ukipata tembe kwa droo ya mathe, usianze kuhoji kama askari. Hali yake ni siri yake, na sheria ya Kenya inamlinda. Akikuambia mwenyewe, uliza maswali ya maana: presha ilipimwa lini? Sukari? Figo? Siku ya kliniki ikifika, msindikize na mbebe dawa zote anazomeza, hata za kiungulia na za kienyeji, daktari aziangalie pamoja.

Na kama ni wewe ulizaliwa na virusi na uko 20 na kitu, hii stori ni yako pia. Uzee wako unaujenga saa hii: punguza fegi, tembea, na usiruke dozi.